Maana ya Maneno: Chanjo

Neno la juma hili linajulikana na kila mama aliyepata kumbeba mtoto mgongoni hadi kituo cha afya siku ya kupima watoto. Mwuguzi huliandika katika kadi kwa Kifaransa: vaccin. Mama akirudi nyumbani na kuulizwa na mumewe, hujibu: « Mtoto amechanjwa. » Maneno hayo mawili yataja jambo moja, lakini hayana udugu hata kidogo. La Kifaransa lina ng'ombe ndani yake. La Kiswahili lina wembe. Mwanafunzi atakayeuliza sababu atapata habari ndefu ya miaka zaidi ya mia mbili. Tena atafahamu kwamba kuna jambo moja ambalo maneno yote mawili hayalisemi, na jambo hilo limewapotezea wazazi wengi wa nchi yetu watoto wao.

Tuanze na neno la kwetu. Kuchanja ni kukata au kupasua. Twachanja kuni kwa shoka. Twachanja ngozi kwa wembe, na alama zinazobaki twaziita chale. Katika kitenzi hicho limetoka jina chanjo, kama vile pigo latoka katika kupiga, na pendo katika kupenda. Hapo kwanza, basi, chanjo haikuwa dawa yo yote. Ilikuwa mkato mdogo tu. Lakini watu hawakati ngozi zao bure. Wazee walichanja ili kutia dawa: unga wa mizizi iliyochomwa ulisuguliwa juu ya chale, kwa kutumaini kwamba utamkinga mtu na nyoka, na maumivu, na adui. Tena walichanja ili kufanya udugu: watu wawili wasiozaliwa pamoja walichanjiana, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo ikawa mwiko kudhuriana. Yaani hata zamani neno hilo lilikuwa limekwisha kukaribia wazo la ulinzi. Mkato hupitisha kitu ndani ya mwili, na kitu hicho hukaa humo kama mlinzi.

Kwa hiyo walipokuja waganga na vichupa vya dawa ya kuzuia ndui, wakatia tone juu ya mkono wa mtu, kisha wakaparura ngozi kwa kisu chembamba, watu hawakuhitaji kuhangaika wakitafuta jina. Jina lilikuwapo tayari. Baada ya siku chache palitokea lengelenge, likajaa usaha, likakauka, likaacha kovu la mviringo. Wengi wa wale waliopita miaka hamsini wangali na kovu hilo mkononi hata leo.

Siku hizi hakuna anayekatwa. Mtoto hudungwa sindano pajani, au huangushiwa matone mdomoni, nasi twasema vile vile kwamba amechanjwa. « Chanjo ya matone, » husema mama bila kucheka. Na tukiyachukua maneno hayo kama yalivyo, maana yake ni mkato wa matone! Wala si kosa. Lugha zote hufanya hivyo: kitu hubadilika, jina hukaa. Mfaransa naye, amtiapo mtoto matone hayo mdomoni, amtaja ng'ombe ambaye hayupo.

Sasa tumtazame huyo ng'ombe. Waliosoma Kilatini katika seminari wajua kwamba ng'ombe jike huitwa vacca, na Wafaransa wakalifanya neno hilo vache. Kitu cho chote cha ng'ombe, Warumi walikiita vaccinus. Ili tujue jinsi neno la zizini lilivyoingia hospitali, yatupasa kwanza kukumbuka ugonjwa wenyewe.

Ndui haionekani tena duniani, na vijana wetu hawaijui ila kwa jina. Ilianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo, kisha mwili wote, uso kuliko sehemu nyingine, ukajaa malengelenge magumu yenye usaha. Katika ndui kali, kati ya wagonjwa 10 walikufa 3 hivi. Waliopona walibaki na nyuso zenye mashimo, na wengine na macho yaliyopofuka. Haikuchagua mnyonge wala mfalme: Louis wa 15, mfalme wa Ufaransa, alikufa kwa ndui mwaka 1774 katika jumba lake la Versailles. Katika karne ya 20 peke yake, wataalamu wakadiria kwamba iliua watu milioni 300.

Jambo moja tu lililijulikana kwa wote: aliyeugua ndui akapona hakuiugua tena. Basi katika nchi mbalimbali, Bara Hindi, China, nchi za Waturuki na Afrika, watu wenye busara, ambao majina yao hayakuandikwa, walifikiri hivi: kama ugonjwa humpata mtu mara moja tu, yafaa tumpe kidogo kwa hiari yetu, kwa mlango tunaouchagua sisi, akiwa na nguvu. Wengine walichukua usaha wa mgonjwa mwenye ndui nyepesi, wakauchanja katika ngozi ya mtu mzima wa afya. Huyo aliugua siku chache, na mara nyingi alipona, akawa salama maisha yake yote.

Hapa pana habari ambayo wanafunzi wetu hawaipati mara nyingi katika vitabu vyao. Katika mji wa Boston, Amerika, aliishi mtumwa aliyetolewa Afrika ya Magharibi. Bwana wake, mchungaji wa Kiprotestanti jina lake Cotton Mather, alimpa jina la Onesimus, ndilo Onesimo, yule mtumwa anayetajwa na Mtakatifu Paulo katika Waraka kwa Filemoni. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. Mather alimwuliza kama alipata kuugua ndui. Onesimo akajibu ndiyo na siyo. Akaonyesha kovu mkononi, akaeleza kwamba kwao watu huchanjwa usaha wa ndui na hawaiogopi tena. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather aliyakumbuka maneno hayo, na tabibu Zabdiel Boylston akathubutu kuyafuata, akianza na mwanawe mwenyewe. Watu walikasirika, hata bomu lilitupwa dirishani mwa nyumba ya Mather. Lakini hesabu ilisema yenyewe. Kati ya watu 240 na zaidi waliochanjwa walikufa 6. Kati ya wengine walioshikwa na ugonjwa, ambao walizidi 5,000, walikufa zaidi ya 800.

Mwaka ule ule, huko London, bibi mkubwa aitwaye Lady Mary Wortley Montagu, aliyekuwa ameona jambo hilo kwa Waturuki, alimfanyia binti yake vivyo hivyo. Mtu asiniambie, basi, kwamba kuchanja ni jambo lililoletewa Waafrika kutoka Ulaya katika sanduku. Tendo hilo lilijulikana Afrika kabla tabibu wa Ulaya hajalijaribu, na katika jambo hili neno letu ni la kale kuliko vaccin: lakumbuka wembe uliotangulia ng'ombe.

Lakini njia hiyo ilikuwa na ubaya wake. Usaha ulikuwa wa ndui yenyewe. Wachache waliochanjwa walikufa, na wote waliweza kuwaambukiza jirani. Ndipo anapokuja ng'ombe.

Katika vijiji vya Uingereza wakamaji wa maziwa walijua kwamba ng'ombe huugua ugonjwa wa malengelenge kwenye chuchu, na kwamba mwenye kukama huambukizwa mikononi. Vidonda viwili vitatu, homa ndogo, basi. Walijua pia kwamba aliyepata ugonjwa huo wa ng'ombe haguswi na ndui. Mwaka 1774 mkulima mmoja, Benjamin Jesty, alichukua usaha wa ng'ombe akamchanja mkewe na watoto wake wawili kwa sindano ya kufumia. Majirani walimdhihaki na kumtupia matope. Hakuandika kitu, na kwa muda mrefu jina lake halikujulikana mbali.

Aliyeandika ni tabibu wa kijiji cha Berkeley, Edward Jenner. Tarehe 14 Mei 1796 alitoa usaha katika kidonda cha mkono wa msichana mkamaji, Sarah Nelmes, ambaye alikuwa ameambukizwa na ng'ombe aitwaye Blossom. Akamchanja mtoto wa miaka minane, James Phipps, mwana wa mtunza bustani yake. Mwezi wa Julai akamchanja tena mtoto yule yule, safari hii kwa usaha wa ndui ya kweli. Mtoto hakuugua. Leo tabibu atakayefanya hivyo kwa mtoto wa mtumishi wake atapelekwa mahakamani, na itakuwa haki. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Jenner alijaribu kwa watu wengine pia, na mwaka 1798 akatoa kitabu ambamo aliuita ugonjwa ule kwa Kilatini variolae vaccinae, yaani ndui za ng'ombe. Miaka miwili baadaye rafiki yake Richard Dunning, tabibu wa Plymouth, alitunga jina la tendo hilo, vaccination: kumtia mtu kitu cha ng'ombe. Wafaransa walilipokea upesi.

Nalo jina hilo lilileta balaa mara moja. Watu waliposikia ng'ombe, walifikiri ng'ombe. Mwaka 1802 mchoraji James Gillray alitoa picha ya watu waliochanjwa, na kila mmoja ng'ombe mdogo amchipuka mwilini: huyu mkononi, huyu puani, yule mdomoni. Watu walicheka, lakini wengine waliamini. Tusiwacheke sana. Mama anayeogopa kwa kuwa hakuelezwa si mjinga. Amfanyia mwanawe kazi ya ulinzi kwa kadiri ya habari alizo nazo. Na habari hujibiwa kwa habari, si kwa makaripio. Nimesikia wauguzi wakiwafokea wazazi mbele ya watu wote, na sikuona hata mmoja aliyesadiki kwa kufokewa.

Kabla hatujaendelea, hebu niwape wapenda maneno kitu cha kuchekea. Jenner mwenyewe alidhani kwamba ugonjwa ule ulitoka kwanza kwa farasi, ukapelekwa kwa ng'ombe na mikono ya watumishi. Mwaka 2017 wataalamu walichunguza dawa ya ndui iliyotengenezwa Amerika mwaka 1902, wakaona kijidudu kilichomo chafanana na kile cha ndui ya farasi kuliko cha ndui ya ng'ombe. Huenda basi ng'ombe amechukua sifa ya mwenzake, na kwa haki tungalipaswa kulitoa neno katika equus!

Kwa karibu miaka themanini neno vaccin lilikuwa la ndui peke yake. Aliyelipanua ni Louis Pasteur, Mfaransa. Yeye aligundua kwamba vijidudu vya maradhi mengine pia vyaweza kudhoofishwa, visiweze kuua, na bado vikaufundisha mwili kujilinda. Mwaka 1881, katika mkutano mkubwa wa matabibu huko London, alitangaza kwamba atalitumia neno la Jenner kwa dawa zote za namna hiyo, ili kumheshimu. Tangu hapo ng'ombe ameingia katika kila chupa, iwe na kitu cha ng'ombe au isiwe nacho.

Na mara nyingine, ajabu, kimo kweli. Mtoto azaliwapo hospitalini hupewa BCG, ya kumkinga na kifua kikuu, ile inayoacha kovu dogo ambalo vijana hulidhania kuwa la ndui. Herufi mbili za mwisho ni majina ya watu, Calmette na Guérin. Ya kwanza ni bacille, kijidudu chenyewe. Nacho kilitolewa katika ng'ombe mgonjwa wa kifua kikuu. Mabwana hao wawili walikilisha mjini Lille, katika viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe, wakikihamisha mara 230 kwa muda wa miaka 13, mpaka kikasahau ukali wake. Mtu wa kwanza alipewa mjini Paris mwaka 1921. Hali kadhalika dawa ya Ebola waliyopewa watu zaidi ya 300,000 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya miaka 2018 na 2020: imejengwa juu ya kijidudu kinachowapa ng'ombe na farasi vidonda vya mdomo, kikavishwa kipande kimoja tu cha ganda la Ebola, kama mtu avaaye vazi la adui ili walinzi wa mwili wajifunze kulitambua. Hakuna Ebola ndani yake, vazi tu.

Sasa nirudi kwenye jambo lile nililolitaja mwanzoni. Vaccin lasema dawa ilitoka wapi. Chanjo lasema dawa ilipita wapi. Wala hili wala lile halisemi dawa yazuia ugonjwa gani. Zamani haikudhuru, maana ugonjwa ulikuwa mmoja. Aliyechanjwa alichanjwa ndui, na hakuna aliyeuliza zaidi. Leo magonjwa ni mengi: kifua kikuu, kupooza, dondakoo, pepopunda, kifaduro, surua, homa ya manjano, na mengine. Lakini katika masikio ya watu neno limebaki kama lilivyokuwa. « Mtoto wangu amekwisha kuchanjwa, » asema baba, na kwake neno limekwisha. Amechanjwa nini? Hajui. Ana kovu la BCG, naye adhani kwamba kovu moja lafunga milango yote.

Nitoe mfano wa kweli. Mwaka 1970, katika hospitali ya Basankusu, mkoa wa Équateur, aliletwa mtoto mwanamume wa miezi tisa mwenye malengelenge mwili mzima. Wakati ule kazi ya kuifukuza ndui katika Kongo ilikuwa karibu kumalizika, hata waganga wakashtuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba haikuwa ndui, bali ndugu yake, ule ugonjwa ulioitwa kwanza kwa jina la nyani na ambao tangu mwaka 2022 waitwa mpox. Alikuwa binadamu wa kwanza kujulikana kuugua. Katika jamaa yake yeye peke yake hakuwa amechanjwa ndui, na dawa ya ndui huzuia mpox pia. Hesabu zilizofanywa katika nchi yetu miaka ya 1980 zilionyesha kwamba iliwakinga watu 85 hivi katika 100. Mtoto yule alitunzwa, malengelenge yakakauka, akapona ugonjwa ambao ulikuwa haujajulikana kwa binadamu. Kisha, kabla hajarudishwa kwao, alishikwa na surua, akafa.

Surua! Ugonjwa unaojulikana na kila bibi kijijini, na ambao dawa yake ilikuwa imekwisha kupatikana Amerika tangu mwaka 1963. Habari ya mtoto yule yaandikwa na matabibu kwa sababu ya mpox, na ni haki. Lakini surua ndiyo iliyomwua.

Wala jambo hilo halikwisha pamoja naye. Wengi wetu twaukumbuka mwaka 2019, Ebola ilipokuwa Beni na Butembo. Redio zote zilisema Ebola, magari yote yalibeba Ebola, na katika miaka hiyo miwili ilitutolea watu 2,287. Mwaka huo mmoja wa 2019 surua iliua zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao wakiwa watoto wasiofika miaka mitano. Hakukuwa na kelele kubwa. Vijiji vingine havikufikiwa na dawa, kwa ubovu wa njia, na vita, na barafu iliyoyeyuka katika masanduku. Hilo si kosa la mama. Lakini mahali pengine dawa ilikuwapo, na mtoto akakosa kurudishwa mwezi wa tisa, kwa kuwa « alikwisha kuchanjwa » alipozaliwa.

Ndui yenyewe ilitoka Kongo mwaka 1971, ikatoka duniani baada ya mgonjwa mmoja wa Somalia mwaka 1977, na mwezi wa Mei 1980 ikatangazwa kwamba haipo tena. Watu wakaacha kuchanjwa ndui. Ndiyo sababu waliozaliwa baadaye hawana ulinzi juu ya ndugu yake, na mwaka 2023 mpox ilipozuka kwa nguvu mpya huko Kamituga, kati ya wachimba dhahabu, ilikuta milango wazi. Tarehe 5 Oktoba 2024 watu wa kwanza walichanjwa mjini Goma. Jina la kijidudu kilichomo katika dawa hiyo ni vaccinia: ndiye ng'ombe yule yule wa Kilatini, amefugwa kwa miaka mingi katika mayai na chembe za vifaranga mpaka asiweze tena kuzaana ndani ya mwili wa mtu.

Limebaki swali moja la sarufi, ambalo waalimu wanaweza kuwapa wanafunzi wao. Twasema « chanjo ya surua ». Hiyo ya yatuambia nini? Dawa ya mbu haina mbu ndani yake. Ni ya kuwaua. Dawa ya mizizi ina mizizi. Je, chanjo ya surua ni kama dawa ya mbu, au ni kama dawa ya mizizi? Wazazi wengine huogopa kwa sababu wameisikia kwa maana hii ya pili: wadhani mtoto atiwa surua. Jibu la kweli ni kwamba ni zote mbili. Ndani ya chupa kimo kijidudu cha surua, lakini kimedhoofishwa mno. Chaweza kumletea mtoto homa kidogo au vipele vichache, kisha chatoweka, na mwili wake wabaki na kumbukumbu. Surua ya kweli ikija, haimkuti mgeni. Wanaotaka kuondoa wasiwasi husema « chanjo dhidi ya surua », na vitabu vya siku hizi vyapenda hivyo. Mimi naona ya ni nzuri zaidi, mradi ielezwe, kwa maana haifichi kitu.

Kwa wale ambao kadi zao zimeandikwa Kifaransa tupu, nieleze herufi chache. V yo yote mwanzoni ni vaccin. VPO ni yale matone ya kuzuia kupooza; P ni polio, na O ni kwa sababu yapita mdomoni. Penta ni Kigiriki, maana yake tano: sindano moja kwa magonjwa matano, na hupewa mtoto mara tatu. VAR ni ile ya surua, kwa maana R ni rougeole. Mara ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na kadi isiyo na tarehe mbele ya herufi hizo ni kadi ya mtoto asiyechanjwa surua, hata kama mistari mingine yote imejaa. VAA ni ya homa ya manjano: Wafaransa huiita pia fièvre amarile, kutoka neno la Kihispania amarillo, ambalo ni manjano. Hiyo hutolewa pamoja na VAR, siku moja, kwa sindano nyingine.